Mstari wa Macho Umeshuka

3 Machi

Binti yangu Kijiti,

Huku tunakula, tunalala, na cherehani bado inakata uzi pale pale ilipokuwa ikikata ulipoondoka. Picha yako imefika bila kukunjwa, aliyeileta aliishika kama yai. Nimeibandika ukutani juu ya cherehani, pale palipokuwa na kalenda, na sasa nakuuliza kwa upole: umeniletea nini, mama?

Maana siwezi kushona. Huo ukumbi uliouchora una kina. Nguzo zinaingia ndani, vigae vinaingia ndani, na kule mwisho kuna kitundu kidogo kama tundu la sindano ambacho kila kitu kinakikimbilia. Nikiinua kichwa naona ukuta wangu umetobolewa. Jana mteja aliyekuja kupima gauni alinyoosha mkono kuegemea nguzo yako, kidogo aanguke na karatasi. Nilicheka, kisha nikasogeza kiti changu mbali na ukuta. Mimi na mahali pa kutumbukia hatupatani, unajua.

Bibi yako akauliza pichani kuna nini. Nikamwambia ukumbi. Akasema, "Basi nisogezeni nikakae humo, hapa kuna joto." Macho yamemwacha mwaka wa tisa huu, ulimi haujamwacha hata siku moja.

Sasa lile langu la kila barua. Uliniahidi siku tunaagana uende kujifunza kuchora kuta, tena ulinishika mikono yote miwili, kwamba miguu yako haitapanda ngazi wala jukwaa. Baba yako alikuwa fundi wa mapaa, hodari, na alianguka siku ya jua, paa kavu kabisa, hakuna wa kumlaumu. Akalala miezi minane kwenye chumba hiki hiki ninachoshonea, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza, mpaka mwisho. Sina tena mikono ya kumgeuza mtu. Wewe paka sehemu za chini, za juu wapake wengine.

Halafu niambie, hiyo mistari kwa nini inakimbilia mahali pamoja? Nani anaivuta?

Mama yako

17 Machi

Mama,

Mwalimu nimemsomea swali lako hapa karakana, akaweka brashi chini. Kasema watu wanakaa naye mwaka mzima bila kuuliza hivyo.

Anayeivuta ni wewe. Simama katikati ya barabara ndefu iliyonyooka utazame mbele: kingo zake zinasogeleana mpaka zinagusana, ingawa ukitembea hazigusani kamwe. Macho ndivyo yalivyo. Watu walichora miaka na miaka bila kulipatia kanuni jambo hilo, meza zao zikawa kama zinamwaga vyombo. Kisha huko Italia, kama miaka mia sita iliyopita, mafundi wa majengo na wachoraji wakaipata njia yake. Mmoja alichora jengo kwenye ubao, akatoboa tundu ubaoni, ukachungulia kwa nyuma huku umeshika kioo mbele. Picha ikaonekana kwenye kioo, ukiondoa kioo unaona jengo lenyewe, na hujui kipi ni kipi. Mteja wako hayuko peke yake!

Jaribu mwenyewe. Chora kwanza mstari mmoja wa kulala, kutoka ukingo huu wa karatasi hadi ule. Huo ni mstari wa macho. Unakaa kwenye kimo cha macho ya anayechora, daima. Akisimama, mstari uko juu. Akikaa, unashuka naye. Weka nukta moja kwenye mstari huo wenyewe, sisi tunaiita nukta ya kutokomea. Chini kabisa ya karatasi pima nafasi sawasawa, kama unavyopima vifungo, kisha toka kila alama uvute mstari hadi kwenye nukta. Hiyo ni sakafu inayokwenda mbali. Mistari ya kukata vigae inazidi kukaribiana kadiri inavyokwenda. Usikisie: vuta mshazari mmoja toka pembe ya chini, na kila unapokata mstari, hapo ndipo ukingo wa kigae unapopita.

Vitu vilivyo chini ya mstari wa macho unaviona mgongo. Vilivyo juu yake unaviona tumbo. Watu waliosimama wenye kimo chako, hata wawe mbali vipi, macho yao yanakaa kwenye mstari huo huo.

Kwenye ukuta wa ukumbi tunaoupaka nguzo, mwalimu hatumii rula. Anapigilia msumari kwenye nukta, anafunga uzi wenye chaki, anauvuta, anaupiga, pa! Nilipoona nikakukumbuka na chaki yako ya kitambaa.

Usiogope. Miguu yangu iko chini.

Kijiti

1 Aprili

Mwanangu,

Nimechora! Usicheke. Nilichora chumba cha cherehani, na sakafu imetoka kama sakafu, lakini cherehani imetoka kama mbuzi anayechutama. Bibi yako kaniuliza mbona nacheka peke yangu.

Ila nimegundua jambo ambalo hukunifundisha. Nimechukua picha yako ya ukumbi, nikachomeka pini pale kwenye nukta, nikafunga uzi na kuunyoosha juu ya kila mstari wako, kingo za nguzo, vigae, madirisha. Yote, hata mmoja haukukosea. Nikaacha nyuzi zimenyooka hivyo, nikamshika bibi yako vidole nikamwekea juu yake. Akazifuata polepole mpaka kwenye pini. Akarudi, akafuata nyingine. Kisha akasema, "Kumbe ndivyo mnavyoona. Mnaona kama gurudumu." Sikujua nilie au nicheke.

Nimechora alama ya chaki kwenye mwimo wa mlango, kimo cha macho yangu. Ya kwako naikumbuka, unanizidi vidole viwili, nimeichora pia. Sasa nikipita nakutazama usoni.

Kitu kimoja kinanisumbua. Hizo nguzo mnazozipaka kwenye ukuta wa ukumbi zinafika darini. Huo uzi wa chaki ncha ya juu anaishika nani?

Mama yako

24 Aprili

Mama mpenzi,

Samahani kwa ukimya, kazi zilikuwa nyingi na sasa tumepewa mapumziko kidogo. Niko chumbani najifanyia mazoezi. Mwenzangu wa chumba, yule Kicheko, anakusalimu, anasema ile blauzi uliyomshonea inamfanya aonekane mtu mwenye akili.

Nakutumia picha ya chumba chetu ili uone tunavyoishi. Meza, kiti, ndoo, kabati, mlango, viatu vyangu. Hakuna jipya.

Ncha ya juu anaishika mtu wa jukwaani.

Kijiti

6 Mei

Mwanangu,

Barua yako ni fupi. Nimeisoma mara sita na bado ni fupi.

Picha niliiweka mezani, nikachukua pini na uzi kama kawaida yangu sasa, kwa furaha tu, nione nukta yako iko wapi. Nikanyoosha ukingo wa meza. Nikanyoosha ubavu wa kabati, mbao za sakafu, juu ya mlango. Nyuzi hazikukutana pale nilipotegemea. Nikadhani nimekosea, nikazifungua nikaanza upya. Zikakutana pale pale.

Zimekutana kwenye ndoo.

Ndoo, mama. Mdomo wa ndoo ni duara, mtu akisimama anaona maji ndani. Wewe umeuchora mstari ulionyooka, kama mtu aliye sawa nao kimo. Kiti umekichora tumbo. Meza umeichora tumbo, hadi misumari ya chini yake naiona, na mkwaruzo mmoja. Nani anaona chini ya meza? Paka. Mtoto anayetambaa. Na mtu aliyelazwa.

Nilimwekea bibi yako vidole bila kumwambia kitu. Akafuata nyuzi, zikampeleka chini, chini, mpaka mkono wake ukagusa ukingo wa meza yangu. Akauondoa haraka kama ameshika pasi. Akasema, "Huyu mtoto yuko chini. Nani kamweka chini?"

Nimesimama mlangoni kwenye alama yako ya chaki, nikapima kwa futi toka pale hadi kimo cha ndoo. Sitakuandikia ni sentimita ngapi. Naogopa hata kuziandika.

Niambie ukweli. Umeanguka?

Mama yako

15 Mei

Mama, jamani,

Umenichekesha na kunitia huruma. Nilikuwa nimekaa sakafuni tu! Mwalimu ametupa zoezi la kuchora toka chini, kila mmoja kapewa. Ningejua ungeshtuka ningekueleza.

Ona, nakutumia chumba kile kile nimesimama. Weka pini zako, utaona mstari uko juu ya komeo la mlango, panapostahili. Mwambie bibi ahamishe vidole juu.

Mimi ni mzima. Tafadhali lala.

Kijiti

25 Mei

Kijiti,

Nimeweka pini. Nukta iko juu ya komeo, panapostahili, kweli kabisa. Meza naiona mgongo. Mdomo wa ndoo ni duara na maji umeyachora ndani. Uzi wote umenyooka.

Nami nikakaa nikafikiri: huyu mtoto ndiye aliyenifundisha kwamba mstari unachorwa kwanza. Basi anaweza kuuchora popote apendapo. Hata aliyelala anaweza kuuweka juu.

Nikazilaza picha zako mbili sambamba. Viatu vyako viko karibu na mlango. Kwenye ile ya kwanza cha kushoto kimelala ubavu na kamba yake imeingia chini ya kile kingine. Kwenye hii ya pili cha kushoto kimelala ubavu na kamba yake imeingia chini ya kile kingine. Wiki tatu, mwanangu. Hujavaa viatu wiki tatu. Mstari umeudanganya, viatu ukavisahau, kwa sababu mkono wako hauwezi kuchora kitu ambacho hakipo. Wewe hukuumbwa kwa uongo. Baba yako naye alikuwa hivyo, akisema hana maumivu huku anauma shuka.

Sikiliza sasa. Siku niliyokupeleka kwenye chumba hicho, ulipokwenda kuchota maji, nilipanda stuli. Mimi, niogopaye hata ngazi ya jikoni. Nikaweka kitu juu ya kabati, nyuma ya ule ukingo wa mbao. Sikukuambia, ungenicheka. Najua hujawahi kukiona, kwa sababu kabati linakuzidi kidogo na najua hujawahi kufuta vumbi huko juu tangu uhamie, usinibishie. Ili kukiona lazima mtu asimame na kunyanyuka kwa vidole vya miguu.

Kama u mzima, nyanyuka unichoree ni kitu gani. Ukimpandisha Kicheko akakusimulie nitajua, maana kitakuwa kimechorwa na mdomo wake, si jicho lako.

Nangoja. Nimewarudishia watu vitambaa vyao. Siwezi kupitisha uzi kwenye sindano.

Mama yako

3 Juni

Mama,

Siwezi kukichora.

Kicheko alikuwa ameshavuta stuli. Nikamwambia acha, nikalia mpaka naye akaacha kucheka, na unajua si jambo dogo hilo.

Nilianguka tarehe tisa Aprili. Mwalimu alikuwa na homa na ukumbi ulikuwa ufunguliwe, na ule uzi wa chaki ulihitaji mtu wa kushika ncha ya juu. Ndiyo, mama. Ile uliyoniuliza. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu siku hiyo. Nilijiambia ni mara moja, nguzo moja, nitashuka. Nikaufunga uzi, nikaupiga, mstari ukatoka mzuri ajabu, nikarudi nyuma hatua moja ili niutazame. Ndivyo tunavyofundishwa, rudi nyuma utazame. Nilisahau niko juu.

Nina ufa kwenye pingili moja ya mgongo. Daktari kasema nilale kwenye godoro gumu sakafuni, nisikae, nisiinuke mpaka aseme. Kicheko ananiinua kichwa kwa mto ili nichore. Daktari ameshanipiga picha ya mgongo mara mbili, kasema mfupa unaunga. Lakini mguu wa kushoto, mama, haunisikii. Nauambia sogea, unachelewa kama mtu aliye chumba kingine. Daktari anasema tungoje. Hasemi tungoje nini.

Sikukudanganya ili nikuchezee. Nilikumbuka unavyokuwa ukisema jina la baba, sauti inavyokwisha katikati. Nikasema nitapona kwanza ndipo nikuambie. Kila siku nikitazama meza kwa chini najiambia kesho nitaiona kwa juu.

Naogopa. Mchana ndiyo mbaya zaidi, Kicheko akienda kazini, nasikia viatu vya watu nje.

Njoo.

Kijiti

8 Juni

Mwanangu,

Nimepata mtu wa kukaa na bibi yako, mke wa fundi viatu. Safari ya gari ni siku mbili. Barua hii nampa anayetangulia.

Mikono ya kukugeuza ninayo. Niliandika kwamba sina kwa hasira ya woga. Ninayo.

Usijaribu kusimama ili kunifurahisha. Nikikukuta umesimama nitakuchapa.

Mama

21 Julai

Mwanangu,

Nimefika salama. Bibi yako kamtesa mke wa fundi viatu wiki sita nzima, eti uji wake una mawazo. Amenipapasa uso wote kujua kama nimelia. Nikamwambia sikulia. Akasema, "Mashavu haya ni ya nani basi?"

Mpaka leo nikifumba macho nakuona ulivyokuwa nilipofungua mlango, mtoto mrefu vile amelala kama kitambaa kilichodondoka. Nilikaa sakafuni pembeni yako, nikageuka, nikaiona meza kwa chini. Mkwaruzo ule ule. Misumari ile ile. Kama nimeingia ndani ya picha. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, kwa sababu nilikuwa bado na tumaini dogo kwamba uzi wangu umekosea.

Nilipoondoka ulikuwa unakaa, na ulishasimama mara nne na magongo, Kicheko kulia, mimi kushoto. Daktari kasema mguu unarudi. Nilimwuliza unarudi wote au kipande. Akasema wewe mama ni mgumu. Swali langu nimelibeba njia nzima kurudi.

Kile kitu sikukigusa. Kiko pale pale. Ulinisihi nikushushie, nikakataa, ukanuna. Nuna tu.

Sitakuambia usiogope. Mimi mwenyewe naogopa nikiosha vyombo, naogopa nikikata shingo za mashati. Fanya yale mazoezi ya kupinda goti. Fanya huku unaogopa.

Mama yako

2 Septemba

Mama,

Ni timazi ya baba. Ile ya shaba ya kunyooshea kuta, na kamba yake imezungushwa mara saba, na kuna vumbi la kutosha kupanda maharagwe, ulisema kweli. Pembeni kuna nondo aliyekufa. Yeye sidhani kama ni wewe uliyemweka.

Utasamehe mistari. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kabati na visigino vilikuwa hewani, nimechora kidogo kidogo, nashuka, nanyanyuka tena. Mguu wa kushoto unatetemeka na mistari yote ya upande huo inatetemeka nao. Nilitaka kuinyoosha kwa rula. Nikaona ungeweza kunishuku.

Kicheko kasimama nyuma yangu muda wote, mikono wazi kama anadaka mpira.

Weka pini.

Kijiti

13 Septemba

Mwanangu,

Nimeweka. Ilinichukua asubuhi nzima, kwa sababu mistari yako ya kushoto inakwenda kama mlevi anarudi nyumbani, lakini inafika. Nyuzi zimekutana juu ya kabati, upana wa vidole vitatu. Nimekwenda mlangoni nikapima toka kwenye alama yako ya chaki. Umeipita.

Nikamshika bibi yako vidole. Akaanza chini, alishazoea huko, nikamwambia hapana, fuata uzi. Akapanda. Akapanda tena. Alipogusa pini akauacha mkono hapo muda mrefu. Kisha akakunja uso.

"Mbona yuko juu hivyo?" akasema. "Mwandikie upesi ashuke."

Basi shuka, mama. Tumekuona. Shika kabati vizuri, na kile kisigino cha kulia kitangulie.

Mama yako